Kamera Ndogo ya Baba Nelvine

Wacha niseme ukweli, ile kamera kubwa sikuwahi kuipenda. Ilikuwa na kelele. Bethwel akibonyeza, klak! na mimi niko hapa nje kwa veranda na cherehani yangu, mkono unashtuka, mshono unaenda kombo. Nilimlalamikia mpaka nikachoka. Yeye anacheka tu, anasema, "Mama Adongo, hiyo ndiyo sauti ya kazi." Sauti ya kazi! Kama kelele ndiyo kazi, basi cherehani yangu ingekuwa imeshanijengea gorofa.

Mimi ni Wilkista, huyo Mama Adongo mwenyewe, mshonaji wa hapa Kapkatet. Bethwel ni mpiga picha, chumba chake na changu vimepakana, veranda ni moja. Tumekuwa majirani tangu mume wangu Jackton akiwa hai, akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Jackton tulimzika nyumbani, upande wa ziwa, halafu mimi nikarudi huku kwa sababu cherehani ilikuwa huku na wateja walikuwa huku. Watu wetu wengi wameondoka mmoja mmoja tangu mashine za kuchuma majani zilipoingia kwenye mashamba makubwa. Zamani kanisani tulikuwa tunabanana. Siku hizi sisi wa ziwani tunakaa benchi moja na nafasi inabaki.

Kwa hivyo kutwa nzima mtu wangu wa kuongea naye alikuwa Bethwel, naye mtu wake alikuwa mimi. Mkewe Tecla alifariki. Binti yao Nelvine yuko Mombasa na anapiga simu Krismasi na Pasaka, basi. Tulikuwa tukinywa chai ya saa nne pamoja, mimi naleta chupa, yeye analeta mandazi, tunagombana kuhusu siasa na bei ya majani, halafu kila mtu anarudi kwa kazi yake.

Simu ya Bethwel ilikuwa inalia kwa sababu moja tu. "Mzee wa picha, Jumamosi uko?" Ni harusi, ni mazishi, ni mahafali, ni koito, ile siku Wakipsigis wanakutana nyumbani kwa msichana kupatana mahari. Hakuna aliyempigia kumuuliza ameamkaje. Aliwahi kuniambia wazi, bila kujificha: "Siku watu hawatanihitaji kwa picha, Mama Adongo, hakuna mtu atakumbuka kama niko." Nilimwambia aache upuzi. Lakini haukuwa upuzi, na sote wawili tulijua.

Na hata huko kwa sherehe hakuwa na mtu. Nimemwona kwa macho yangu, maana mimi huenda kupeleka nguo. Mtu mwenye kamera kubwa hupishwa njia, hasalimiwi. Ameining'iniza shingoni, watu wanaona kamera, hawaoni Bethwel. Wakati wa kula wote wanakaa, yeye yuko nyuma ya hema na sahani mkononi, amesimama, anaharakisha kabla keki haijakatwa.

Basi, hiyo kamera kubwa aliiua mwenyewe.

Huku kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri. Ukiacha viatu chini ya kitanda vinaota nywele. Lenzi ya kamera nayo ni vivyo hivyo, unyevu ukiingia inaota ukungu ndani kwa ndani, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na huwezi kupangusa. Bethwel alihangaika nayo miaka. Halafu siku moja akaja hapa amefurahi, akaniambia amepata dawa. Jikoni kwake, juu ya meko, kuna dari ya miti ambapo mama yake alikuwa akiweka mahindi ya mbegu. Moshi unapita pale mchana na usiku, na mahindi hayo hayajawahi kuota ukungu tangu azaliwe.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa kamera inalala pale."

"Baba Nelvine, kamera si mahindi!"

"Ukungu ni ukungu," akanijibu.

Na kweli, ukungu haukuota. Miezi kadhaa alikuwa akinionyesha lenzi akijisifu. Halafu ile mipira ya kamera ikaanza kunata mikononi. Halafu picha zikawa na rangi ya chai ya maziwa. Halafu Ijumaa moja akabonyeza, ikafanya kle, ikanyamaza. Masizi na mafuta ya moshi yalikuwa yameingia ndani, kioo kidogo cha ndani kinachoruka ukibonyeza kikaganda. Akaikung'uta, akaipuliza. Ilikuwa inanuka kama nyama ya kukaushwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, yawa, halafu nikamtazama uso nikanyamaza.

Kesho yake alikuwa na mazishi huko Bureti. Akaenda na ile ndogo yake ya kwanza kabisa, zile tulizokuwa tunaziita digital, inaingia kwa mfuko wa shati. Juani si mbaya. Lakini siku hiyo ilikuwa na mawingu, na ndani ya hema kamera ilishindwa. Nyuso zote zilitoka kama zimepakwa majivu. Tena ukiibonyeza inafikiria kwanza. Mtu analia, anamaliza kulia, anapangusa macho, ndipo inapiga. Vijana waliokuwa pale walitoa simu zao na picha zao zikawa nzuri kuliko zake. Jumatatu hakufungua chumba. Jumanne alikuja akakaa kwenye kiti changu cha wateja.

"Twende Kericho," nikamwambia. "Mimi nataka zipu na uzi. Wewe utafute kamera."

Kericho kuna Gichana, Mkisii mmoja anayeuza kamera zilizotumika. Mtu mwenye maneno mengi lakini hakudanganyi. Akatupangia tatu juu ya meza ya kioo. Ya kwanza ndogo ya mfukoni kama ile ya Bethwel. Ya pili kubwa, dada ya ile iliyokufa. Ya tatu ilikuwa katikati, nikadhani ni ya mfukoni iliyonenepa.

"Hii ya mfukoni," Gichana akasema, "jicho lake la ndani, lile linalopokea mwanga, ni kama punje ya dengu. Giza kidogo tu, imeshindwa. Hii kubwa jicho lake ni kubwa, na betri inakaa siku nzima. Lakini ina kioo ndani. Unapochungulia, unaona mambo kupitia kile kioo. Ukibonyeza kioo kinaruka kupisha mwanga, ndiyo klak unayosikia. Hicho kioo na nyumba yake ndiyo uzito unaokuvunja shingo."

"Na hii?" Bethwel akagusa ya katikati kwa kidole kimoja.

"Hii wameondoa kioo. Jicho la ndani ni lile lile la ile kubwa. Unapochungulia unaona kama televisheni ndogo, picha vile itakavyotoka. Ikiwa giza, unaona giza kabla hujapiga. Na ukitaka inyamaze, inanyamaza kabisa. Ubaya wake, inakula betri, utatembea na tatu. Lenzi zake hapa kwetu ni chache. Na wewe una vidole vikubwa, utabonyeza usichotaka."

Bethwel aliinua ile kubwa, akaiweka. Akainua ile ya katikati, ikamezwa na kiganja chake. Akachungulia nayo mlangoni, mvua ilikuwa imeanza na barabara imejaa miavuli. Nilimwona amependa. Lakini akairudisha mezani.

"Watu watajuaje nimepiga?"

"Watajua wakiona picha," Gichana akasema.

"Watu wa kwetu wanalipa kamera. Hawalipi picha."

Hapo nikaingilia, na mimi nikiingilia naingilia. Nikamwambia, wewe unaumwa na bega, usiku unajipaka dawa ya ng'ombe ukidhani sijui, unataka kubeba jiwe hilo mpaka lini? Chukua hii. Kama mtu haoi kwa sababu kamera ni ndogo, basi asioe. Gichana alicheka. Bethwel hakucheka, lakini aliichukua. Kwa hivyo mtu asiniambie eti aliamua peke yake. Mimi ndiye nilimsukuma.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu aliyetaka picha za paspoti. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta.

"Tayari," Bethwel akasema.

"Tayari nini?"

"Nimeshapiga."

"Mbona hakuna kitu kimelia?"

Yule mwalimu alikataa kuamka kwenye kiti. Alikaza shingo akingoja. Mwishowe Bethwel akapiga tena na kusema "klak" kwa mdomo, mzee mzima, ndipo mwalimu akatabasamu na kusimama. Tulicheka hilo jambo wiki nzima. Kila nikimpa chai nilikuwa namwambia, "Klak."

Lakini kicheko hakikukaa. Habari zilizunguka kwamba mzee wa picha ameishiwa, amebaki na kamera ya watalii. Simu ikanyamaza. Jumamosi ilifika akavaa viatu vyake vya kazi, akakaa kwa veranda, simu juu ya goti. Ikafika Jumamosi nyingine, vile vile. Aliangalia barabara, akiona gari lenye maua anafuata kwa macho mpaka lipotee. Nami, Mungu anisamehe, kuna upande wangu ulifurahi. Jumamosi zilikuwa ndefu sana kwangu, na sasa alikuwepo. Lakini mtu alikuwa anakauka mbele yangu, na ushauri ulikuwa wangu.

Ndipo Cheptoo akaja, mama mmoja wa Sosiot, anataka nguo za koito ya binti yake, za mashangazi wote, kitambaa kimoja. Kazi kubwa. Nilikunja kitambaa chake vizuri nikamrudishia mkononi.

"Mpiga picha umepata?"

"Bado."

"Ni huyu hapa. Ukimchukua, nashona. Usipomchukua, Sosiot kuna washonaji."

Akanitazama kama mwendawazimu. Mishono yangu aliipenda, basi akakubali. Bethwel aliitwa, akaulizwa kama siku hiyo yuko, akasema ngoja aangalie. Aangalie nini? Alizunguka nyuma ya mlango akasimama pale kidogo, akarudi akasema yuko.

Siku ya koito tulifika Sosiot asubuhi, mimi na mzigo wa magauni na pasi, yeye na kamera mfukoni na betri tatu. Boma zuri, majani ya chai yanafika mpaka kwenye ua, mahema mawili, ng'ombe wamefungwa mbali wasisumbue. Kipruto, kaka wa msichana, ndiye alikuwa anapanga watu. Akamsalimia Bethwel kwa heshima.

"Karibu mzee. Kamera iko kwa gari?"

Bethwel akafungua kiganja.

Kipruto akaitazama kamera, akanitazama mimi. "Mzee, usinielewe vibaya. Hii ni siku ya dada yangu." Na kumbe alikuwa ameshajihami. Kijana mmoja alikuwa anashuka kwa pikipiki na kamera kubwa mbili shingoni, lenzi moja ndefu kama mkono wa mtoto, na watu wanampisha njia. "Wewe keti tu, mzee. Kula. Hatutakusahau."

Nilikuwa nimeshika pasi ya moto na nilikuwa nimeanza kutembea. Bethwel akanishika mkono wa gauni. "Wacha, Mama Adongo." Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. Akaenda kukaa mwisho wa hema, kiti cha nje kabisa, akaweka kamera kwenye goti na kofia juu yake. Nilijua anachowaza. Huo ndio mwisho, hawatamwita tena.

Wageni wa upande wa mvulana wakafika. Wazee wakaanza kuingia nyumbani, maana koito yenyewe haifanywi hemani, ni ndani, mlango umefungwa, wazee wa huku wanakabiliana na wazee wa kule. Lakini upande wa msichana ulikuwa umepungukiwa. Mjomba mmoja aliyekuwa anatoka Londiani gari lake lilikwama kwenye matope. Isaiah, baba wa msichana, akatoka nje ana wasiwasi, akapitisha macho hemani, akafika pale mwisho.

"Bethwel? Wewe si ni wa rika letu? Mbona umekaa huku nje?"

"Nimekuja kazi."

"Kazi gani, na huna kamera?"

Kofia ilikuwa bado juu ya goti.

"Inuka bwana, tunaaibika. Njoo uketi na wenzako."

Nikamwona anasimama. Akatia kamera kwa mfuko wa suruali, akavaa kofia, akavua, akaingia ndani ya ile nyumba, na mlango ukafungwa.

Ndani sijui kulisemwa nini. Mimi ni mwanamke, tena wa kutoka ziwani, kazi yangu ilikuwa zipu ya shangazi mmoja iliyofunguka. Nilichoona ni yule kijana wa kamera kubwa akienda dirishani kupiga picha, klak klak klak, na mzee mmoja akatoa kichwa akamfukuza kama kuku. Mvua ikanyesha, ikaacha. Chakula kikapoa. Mlango ulipofunguliwa, wazee walitoka wakicheka, nyuso zinang'aa kwa siagi waliyopakwa kuonyesha wamepatana, na Bethwel alikuwa katikati yao, ameshikwa bega na mtu nisiyemjua. Akala akiwa ameketi. Alitengewa sahani, akaletewa maziwa ya kibuyu, akaongezewa.

Jioni tukirudi nikamuuliza, "Angalau ulipiga ya ndani? Ile haina kelele."

Akashika mfuko wake kama mtu aliyekumbuka sufuria iko motoni. "Nilisahau," akasema. "Mama Adongo, nilisahau kabisa." Akaanza kucheka. Tangu nimjue, hajawahi kwenda kwa watu akasahau kamera.

Hakunyamaza mpaka Kapkatet. Ati mzee mmoja wa upande ule walitahiriwa naye mwaka mmoja. Ati waliulizana juu ya Tecla, na akawasimulia alivyougua, na wakanyamaza wote kumsikiliza. Ati walikwama kwa ng'ombe mmoja, na yeye ndiye aliyesema neno likawakwamua. Nilimfurahia. Sitaki mtu adhani sikumfurahia.

Simu ikaanza kulia tena, lakini si kama zamani. "Bethwel, kuna koito kwa fulani, uje uketi nasi." "Bethwel, tunaenda kumwona fulani hospitali, tunakupitia." Wakaona ana maneno machache na mazuri, wakaanza kumpa neno la kufungua. Jumamosi akapotea. Halafu Ijumaa, maana wanapanga. Halafu wakamweka kwenye kamati ya kanisa, na Jumatano ikaenda. Watu wakija kutaka picha wanaukuta mlango umefungwa, wananiuliza mimi. Nawaambia sijui aliko, ingawa najua. Chai ya saa nne nilianza kuleta nusu chupa.

Siku moja alikuja akanionyesha picha kwenye ile kamera. Kumbe ameanza kuwapiga hao wazee wake akiwa ameketi nao, kamera iko kwenye goti, hawasikii chochote. Mmoja anasinzia. Mmoja anacheka hana meno. Mmoja anamnong'onezea mwenzake na mkono uko mdomoni. Hakuna aliyekaza shingo. Ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na nimeona zake nyingi. Gichana alisema kweli kuhusu ile kamera. Nilibonyeza, nikabonyeza, nikazipitia zote. Zote zilikuwa za wazee.

"Nitaachilia chumba mwisho wa mwezi," akasema. "Kuna kijana wa kuuza simu anakitaka."

"Hongera," nikasema. Ndilo neno lililokuja.

"Na nataka unishonee koti. La kuketi na watu. Jumamosi nimepewa kusimamia koito, mimi ndiye msemaji."

Nikachukua futi nikampima. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kumpima, nguo zake alikuwa ananunua mtumba. Aliongea wakati wote huo, ng'ombe, wazee, nani alisema nini, na mimi nikiandika namba. Akauliza litakuwa tayari lini. Nikasema Alhamisi.

Koti nililimaliza Jumanne. Nililitundika nyuma ya mlango, nikalifunika na shuka. Nilijua Bethwel hana subira, Jumatano atapita kuuliza, na atakaa. Jumatano nilileta chupa nzima ya chai. Hakupita, alikuwa na kamati.

Alhamisi nilimpigia nikamwambia bado, kitufe kimoja nimekikosa, sokoni hakuna rangi hiyo, aje kesho. Akasema sawa, Mama Adongo, na nyuma yake nikasikia watu wengi wakicheka. Ijumaa vile vile, kitufe.

Jumamosi alfajiri, kabla sijafungua vizuri, akaja. Gari lilikuwa linamngoja barabarani, limejaa wazee, injini imewashwa. Nikamwambia akae kidogo, chai iko, labda nikitafuta vizuri nitakipata hicho kitufe.

"Lete tu hivyo hivyo," akasema. "Nani ataangalia kitufe?"

Akalivaa pale pale akiwa amesimama. Lilimkaa vizuri sana. Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashuka ngazi akikimbia kidogo, na wale wazee wakasogea kumpa nafasi. Kitufe nilichokuwa nimekikata Alhamisi kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.